Jina la Kuzumburu

Papai likianza kupiga umanjano ubavuni, mwenye mti si wa kwanza kujua. Katika bustani nyingi za Arusha, Moshi, Morogoro au Nairobi, wa kwanza ni kundi la ndege wa rangi ya kahawia, wenye kishungi kichwani na mikia mirefu kuliko miili yao. Hawaji kwa kishindo. Mmoja huchomoka kichakani, akaruka moja kwa moja hadi mtini na kujitosa katikati ya majani. Wa pili hufuata, kisha wa tatu, mpaka kundi zima liwe limehama. Baada ya muda papai lina tundu, na tundu linapanuka kila ndege mwingine anapoingiza mdomo. Mwenye mti akitoka na kikapu chake, anakuta ganda na mbegu chache zilizong'ang'ania ndani.

Kiswahili kinamwita ndege huyo kuzumburu, na wapo wanaomwita pasa. Lakini asubuhi ya namna hiyo mwenye papai hatumii jina lolote kati ya hayo. Atasema "mwizi", au "mharibifu", kisha ataita watoto wenye manati. Hapo swali la zamani sana, lililowashughulisha manabii, wanafalsafa na wanazuoni, linakuwa limeshuka hadi uani: jina la kiumbe hutoka wapi, na je, kulitamka kunampa mtu haki gani juu ya kiumbe huyo?

Kabla ya jina, inafaa atazamwe mwenye jina.

Anayeonekana zaidi katika miji na mashamba ya Afrika Mashariki ni kuzumburu wa michirizi. Ana urefu wa sentimita 35 hivi, na sehemu kubwa ya urefu huo ni mkia. Uzito wake ni gramu 50 na kitu tu. Manyoya yake ni laini na membamba, yanakaribia kufanana na nywele. Ajabu yake kubwa iko miguuni. Ndege wengi wana vidole vitatu vinavyotazama mbele na kimoja kinachotazama nyuma, na mpango huo haubadiliki. Kuzumburu anaweza kukigeuza kidole cha kwanza na cha nne mbele au nyuma apendavyo, hata vyote vinne vikaelekea mbele kwa pamoja. Kwa sababu hiyo hupanda vijiti, hupenya vichaka, hujining'iniza na kula akiwa kichwa chini. Mara nyingi hakai juu ya tawi kama ndege wengine. Hulishika tawi miguu ikiwa usawa wa mabega, mwili ukaning'inia chini yake. Kukipambazuka kwa baridi, hukaa hivyo hivyo akiwa amelielekezea jua tumbo, manyoya yameachana, akiota joto.

Chakula chake ni matunda, majani, machipukizi na maua. Ni chakula kisicho na nguvu nyingi, kwa hiyo mwili wake huishi kwa kubana matumizi. Usiku kundi hujikusanya mahali pamoja, kifua kwa kifua, likawa bonge moja lililoning'inia mtini. Mwanzoni mwa karne hii, watafiti Andrew McKechnie na Barry Lovegrove wa Afrika Kusini walipima joto na matumizi ya nishati ya kuzumburu wa mgongo mweupe. Waliona kwamba waliolala wamekumbatiana waliokoa nishati nyingi, na aliyelala peke yake usiku wa baridi aliachia joto la mwili wake lishuke. Mchana ndege hao husafishana manyoya, na vifaranga wao mara nyingi hulishwa si na wazazi tu bali na wakubwa wengine wa kundi.

Neno "mwizi" halisemi lolote kati ya hayo. Linasema habari za papai.

Masimulizi mawili ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili wameyasikia tangu utotoni yanaweka suala la majina mwanzoni kabisa mwa historia ya binadamu. Katika sura ya 2 ya kitabu cha Mwanzo, Mungu anaumba wanyama wa mwituni na ndege wa angani, kisha anawaleta kwa mtu ili aone atawaitaje, na lolote alilowaita likawa ndilo jina lao. Katika Surat Al-Baqara, aya ya 31 hadi ya 33, Mwenyezi Mungu anamfundisha Adamu majina yote, halafu anawataka malaika wayataje. Malaika wanakiri kwamba hawana elimu ila ile waliyofundishwa, na Adamu anayataja mbele yao. Tofauti ya masimulizi hayo ni kubwa. Katika la kwanza jina linazaliwa kinywani mwa mtu, na Mungu ndiye anayesikiliza. Katika la pili mtu ni mwanafunzi, na jina ni somo alilopewa.

Wahubiri na waandishi wengi, hasa wa upande wa Biblia, wamelisoma tukio hilo kama tangazo la mamlaka: mtu anaita, mnyama anakuwa chini yake. Amri ya kutawala samaki na ndege imo kweli, lakini imo katika sura ya 1. Sura ya 2 inawaleta wanyama kwa sababu nyingine, na sababu yenyewe imetajwa mstari mmoja kabla: si vizuri mtu huyu akae peke yake. Wanyama wanaletwa mbele ya mtu anayehitaji mwenzi. Anawaita mmoja baada ya mwingine, na mwisho inasemwa kwamba hakuonekana msaidizi wa kufanana naye. Ili aseme huyu siye, ilibidi kwanza amtazame na kumpima, atambue wanachofanana na wanachotofautiana. Kuita majina katika sura hiyo ni kazi ya mtu anayetafuta uhusiano. Tena katika mpangilio wa kitabu hicho nyama bado si chakula; ruhusa ya kula wanyama inakuja sura ya 9, baada ya gharika. Majina yalitangulia kisu.

Al-Baqara nayo ina jambo ambalo ni rahisi kulipita haraka. Somo la majina linatolewa kama jibu. Katika aya ya 30 malaika wanaposikia kwamba atawekwa khalifa duniani, wanauliza vipi atawekwa huko mtu atakayefanya ufisadi, yaani uharibifu, na kumwaga damu. Aya inayofuata ndiyo inayoeleza kwamba Adamu alifundishwa majina. Katika simulizi hilo, basi, kiumbe anayeshukiwa kuwa mharibifu ni binadamu mwenyewe, na kinachowekwa mbele ya malaika wenye hofu hiyo ni ujuzi wake wa majina ya vitu. Kama ndivyo, mtu anayelitazama kundi la kuzumburu na kuona neno "mharibifu" tu amelitoa swali la malaika kwake na kumbandika ndege, na hapo hapo ameliacha somo ambalo lilikuwa hoja ya kumtetea yeye.

Wanazuoni wa Kiislamu walilijadili suala hilo kwa undani na kwa ukali. Abu al-Hasan al-Ash'ari, mwanatheolojia wa Basra na Baghdad wa karne ya 10, anahesabiwa upande wa wale wanaosema lugha asili yake ni mafunzo ya Mungu. Abu Hashim al-Jubba'i wa madhehebu ya Mu'tazila, aliyefariki mwaka 933, alishikilia kwamba lugha ni makubaliano ya watu: walikaa, wakaashiria kitu, wakapatana kukiita hivi. Mwanasarufi Ibn Jinni, aliyefariki mwaka 1002, aliichambua mizozo hiyo katika kitabu chake cha Al-Khasa'is, na hakuona haya kueleza kwamba nafsi yake ilikuwa ikiyumba kati ya pande mbili. Aliitaja pia rai ya tatu, kwamba lugha zilianza kwa kuiga sauti zilizosikika: upepo, radi, maji, milio ya wanyama. Karne nyingi kabla yao, Plato alikuwa amewaweka Cratylus na Hermogenes wabishane jambo lile lile: jina linafungamana na asili ya kitu, au ni mazoea tu?

Ndege wa Kiswahili wanatoa ushahidi kwa kila upande. Anayemsikia dudumizi akilia kabla ya mvua hahitaji kuelezwa jina lake limetoka wapi. Hondohondo naye vivyo hivyo. Kigong'ota ameitwa kwa kazi yake, maana huligong'ota gogo mchana kutwa. Lakini kuzumburu hajielezi. Mtoto wa leo hasikii ndani ya neno hilo mlio wala tendo wala rangi. Analipokea kama alivyopokewa mwenyewe duniani, kutoka kwa waliomtangulia, na kulielewa kwake kunamtaka atoke nje akaonyeshwe ndege. Rai ya al-Ash'ari ina nguvu hapo hata kwa asiyefuata theolojia yake: majina mengi hatuyabuni, tunafundishwa.

Watu wengine walimwita kwa kufananisha. Kwa Kiafrikana ni muisvoël, ndege-panya, na lugha kadhaa za Ulaya zina jina la namna hiyo hiyo, kwa jinsi anavyopenya vichaka mbio na kwa manyoya yake yanayofanana na nywele. Mfano huo si mbaya kwa macho. Ila panya anaingia na sifa zake za ghalani, na ndege aliyepewa jina la panya anahukumiwa kabla hajagusa tunda.

Wanasayansi nao wana hadithi yao ya kumpa kuzumburu jina, na ni hadithi ya kunyenyekesha. Mfaransa Mathurin Jacques Brisson aliunda jenasi ya Colius mwaka 1760. Miaka sita baadaye Carl Linnaeus, katika toleo la 12 la Systema Naturae, aliwaingiza kuzumburu wawili, akawapeleka nyumba mbili tofauti. Wa mgongo mweupe alimweka pamoja na ndege wenye midomo minene wapasuao mbegu. Wa kisogo cha buluu, ambaye leo huonekana katika nchi kame kama Dodoma na Tsavo, alimweka katika jenasi ya Lanius, ya ndege wanaowinda wadudu na mijusi na kuwachomeka kwenye miiba. Mla papai akawekwa na mla nyama. Mwaka 1790 Mwingereza John Latham, aliyefanya kazi kwa ngozi na taarifa zilizofika Ulaya kwa meli, alimtangaza kuzumburu wa uso mwekundu kwa jina la indicus, wa India. Ndege huyo hajawahi kuwa wa India. Ni wa kusini mwa Afrika, na jamaa zake wote waliopo leo, spishi sita katika jenasi mbili, wanaishi Afrika kusini mwa Sahara peke yake.

Jambo la kufikirisha ni kwamba kosa hilo halikufutwa. Hadi leo jina lake rasmi ni Urocolius indicus. Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, ambayo toleo lake la 4 lilianza kutumika mwaka 2000, inasema wazi kwamba jina lililotolewa kihalali halikataliwi kwa sababu tu halimfai mwenyewe. Wanasayansi walipima hasara mbili wakachagua ndogo. Jina lenye kosa la jiografia linavumilika. Majina yanayobadilika kila mtu anapojua zaidi yangevuruga mawasiliano kati ya vizazi. Ndege anaweza kuhamishwa jenasi, kama alivyohamishwa huyu kutoka Colius kwenda Urocolius, lakini neno alilobandikwa na Latham linamfuata.

Kanuni hiyo ina falsafa ndani yake. Inachukulia kwamba jina si maelezo. Mwaka 1970, katika mihadhara yake ya Chuo Kikuu cha Princeton, mwanafalsafa Saul Kripke alitoa hoja inayokaribiana nayo: jina humshika mwenye jina kwa sababu wakati fulani alipewa, na watu wakarithishana kulitumia, hata kama yote wanayoyaamini kumhusu yakija kuonekana si kweli. Hoja hiyo ni ya manufaa katika bustani ya mapapai. Mtu anayesema "kuzumburu" ameacha mlango wazi. Kesho anaweza kujua jambo jipya juu ya ndege huyo na jina likabaki lile lile. Anayesema "mharibifu" ametoa hukumu na kuivika nguo ya jina. Hukumu haina pa kuwekea habari ya vidole vinavyogeuka, wala ya bonge la ndege linalopitisha usiku wa baridi kwa kukumbatiana.

Na habari zimeendelea kuja. Mifupa ya ndege wa ukoo wa kuzumburu imechimbuliwa Ulaya, kwa mfano Messel nchini Ujerumani, na pia Wyoming nchini Marekani. Mwaka 2017 Daniel Ksepka na wenzake walitangaza mabaki yaliyopatikana New Mexico, yenye umri wa miaka milioni 62 na ushei, yaani miaka milioni 4 hivi tu baada ya dinosauri wakubwa kutoweka. Vidole vya ndege huyo vilikuwa tayari na alama za kugeuka. Walimpa jina la Tsidiiyazhi abini, maneno ya lugha ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa eneo hilo, yenye maana ya ndege mdogo wa asubuhi. Kutoka indicus ya mwaka 1790 hadi jina hilo kuna mwendo mrefu wa kimaadili: wa kwanza alibandika mahali asipopajua; hawa wa pili waliazima maneno ya watu wa ardhi ile ile. Kumbe ndege anayefukuzwa kwa manati Moshi ni wa ukoo uliowahi kuishi mabara matatu, na Afrika ndipo mahali pekee uliposalia.

Lugha za Kibantu zina la kusema kuhusu nafasi ya kiumbe kama huyo. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu falsafa ya Kibantu-Rwanda ya kuwepo, alivigawa vyote vilivyopo katika mafungu manne kwa kufuata sarufi: muntu, kiumbe mwenye akili; kintu, kilichopo bila akili, wakiwemo wanyama; hantu, mahali na wakati; na kuntu, namna. Kwa mgawanyo huo ndege yuko fungu moja na jiwe. Kiswahili cha kila siku hakikubali hivyo hivyo. Mtu akisema ndege inaruka, msikilizaji anatazama juu akitafuta chombo chenye injini. Akisema ndege anaruka, anatafuta mabawa yenye manyoya. Umbo la neno ni moja, na upatanisho ndio unaotenganisha chenye uhai na kisicho nao. Kuzumburu analala, anaamka, anamlisha mtoto wa mwenzake, kwa viambishi vile vile anavyotumia mama anaposimulia habari za wanawe. Sarufi haithibitishi kwamba ndege ana roho. Inaonyesha tu kwamba wasemaji wa lugha hii hawakuweza kumzungumzia kama kitu.

Kwa mtazamo huo Kurani inakwenda mbali zaidi. Surat Al-An'am, aya ya 38, inawataja wanyama wa ardhini na ndege warukao kwa mbawa mbili kuwa ni umma mfano wa binadamu. Neno umma ni zito kwa Mwislamu. Ndilo analolitumia kwa jumuiya yake mwenyewe. Anayewatazama kuzumburu wakisafishana manyoya, wakilala kwa kushikana na kulea kwa ushirika, hana taabu kuona maana moja ya aya hiyo ikiwa mbele ya macho yake.

Bado papai limeliwa. Maneno mazuri kuhusu umma na majina hayamrudishii mkulima tunda lake, na haki ya mkulima si ndogo. Je, ndege huyo ni mwizi?

Hadithi iliyopokewa na Jabir, iliyomo katika Sahih Muslim, inagusa swali hilo kwa namna ya pekee. Mtume anaeleza kwamba Mwislamu akipanda mti, kinacholiwa kutoka mti huo ni sadaka kwake. Kilichoibwa ni sadaka. Alichokula mnyama wa mwituni ni sadaka. Na walichokula ndege ni sadaka. Mpangilio wa orodha hiyo ni wa kuzingatiwa. Wizi umetajwa peke yake, na kula kwa ndege kumetajwa peke yake. Anayepata hasara analipwa katika hali zote mbili, lakini mwizi na ndege hawakutiwa chungu kimoja. Mwizi ni mtu aliyejua mpaka akauvuka. Ndege hakuwahi kuonyeshwa mpaka.

Upande wa Biblia, sura ya 1 ya Mwanzo inagawa chakula katika mistari miwili inayofuatana, wa 29 na wa 30. Mtu anapewa mimea itoayo mbegu na miti yenye matunda. Wanyama na ndege wa angani wanapewa majani mabichi. Msomaji mkali anaweza kudai kwamba tunda ni la mtu na ndege abaki na majani. Kuzumburu, mla majani na matunda, anaivuka mistari hiyo yote miwili kila siku. Lakini ingekuwa ni mpaka wa sheria, kitabu cha Kutoka kisingeendelea kama kinavyoendelea. Sura ya 23, mstari wa 11, inaagiza shamba lipumzishwe mwaka wa saba ili maskini wale, na watakachobakiza kiliwe na wanyama wa mwituni, na inataja kwamba shamba la mizabibu na la mizeituni lifanywe vivyo hivyo. Hayo ni mashamba ya matunda. Mnyama wa porini anaingizwa katika sheria ya ardhi kama mwenye fungu, nyuma ya maskini lakini ndani ya uzio.

Kuwa na fungu si kuwa na vyote. Mafundisho yote mawili yanamruhusu mtu kulinda mali yake, na ulinzi wa kuzumburu hauhitaji kuua. Wakulima wenye uzoefu huchuma papai linapotoa mstari wa kwanza wa njano na kuliivisha ndani. Wengine huvalisha matunda mifuko ya karatasi au vipande vya viroba, au hutandaza wavu juu ya mche wa nyanya na mbogamboga. Ulimbo na manati ni njia za namna nyingine. Ulimbo hauchagui, unamnasa chozi anayechavusha maua na kuzumburu mlezi kwa pamoja, na anayenaswa hufa polepole huku manyoya yakinyofoka. Mtume alikataza kumfanya kiumbe mwenye roho shabaha ya kutupia, katazo lililopokewa katika Sahih Muslim hiyo hiyo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamkataza anayekuta kiota kumchukua mama pamoja na makinda yake. Wanaotumwa na manati asubuhi ni watoto, na kwa wengi wao hiyo ndiyo mara ya kwanza kufundishwa jambo lolote kuhusu ndege. Somo wanalopewa ni kulenga.

Hapo ndipo madrasa na shule ya Jumapili zingeweza kufanya kazi ambayo hakuna taasisi nyingine iliyokaa vizuri kuifanya. Mwalimu anayesomesha majina ya Adamu anaweza kuwapeleka wanafunzi wake nje na kuwauliza wataje ndege watano waliopo uani kwa majina yao ya Kiswahili, au ya Kichaga, Kipare, Kikamba, lugha yoyote ya nyumbani. Kuzumburu anafaa kuanzia, kwa kuwa haogopi miji na kundi lake halifichiki. Mtoto aliyeombwa ahesabu vidole vyake na kueleza vinaelekea wapi atalazimika kusimama kimya na kutazama kwa muda mrefu. Atatambua pia kwamba ndege aliyekula tini kwenye mkuyu anaangusha mbegu mbali na mti mama, na kwamba baadhi ya miche inayoota kando ya uzio haikupandwa na mtu.

Mkulima anayetegemea mapapai kwa ada ya shule ana haki ya kupata jibu lililo la vitendo zaidi, na lipo. Desturi ya Walawi 19, ya kuacha kingo za shamba na zabibu zilizodondoka kwa ajili ya maskini na mgeni, inaweza kufuatwa kwa mti mmoja uliopandwa pembeni. Mforosadi huota kwa kipande cha tawi, hauchukui miaka mingi kuzaa, na forosadi zake ni laini mno kuvumilia safari ya sokoni, kwa hiyo mwenye shamba hapotezi fedha anapowaachia ndege. Kuzumburu wanazipenda. Mapapai ya katikati ya shamba yatahitaji bado mifuko ya karatasi na macho ya mwenyewe, lakini kundi litakuwa na mahali pengine pa kuanzia siku, na watoto watajua kuwaita ndege hao kwa jina lao.